Meza ya Maneno ya Barabarani

Meza ninayotaka kuieleza ndiyo hii ninayoandikia. Ina miguu minne, na haina msumari wa chuma hata mmoja. Mume wangu aliitengeneza Gisozi, mtaa wa Kigali, katika miaka ile ya vita, na ndani ya viungo vyake, mahali ambapo jicho halifiki, alichoma maneno ya Kiingereza kwa ncha ya msumari wa moto. Baada ya mwezi wa nne wa mwaka 1994 sikubaki na kitu kingine chochote chenye mkono wake. Kisha mtu mwenye haki ya kuniomba alikuja akaniomba niifungue.

Mimi si mtu wa shule. Nilifika darasa la sita tu, Bujumbura, katika mtaa ambao watu wa kila dini waliongea Kiswahili, sokoni na nyumbani. Nilikuja Kigali kuolewa na seremala. Karakana yake ilikuwa chini kidogo ya nyumba yetu, mteremkoni, na nilipokuwa jikoni niliweza kujua kwa sauti ya randa kama mbao inamkubali au inamsumbua. Hatukujaliwa watoto. Yeye naye hakuwa na ndugu karibu, isipokuwa dada mmoja aliyevushwa kwenda Uganda na shangazi zao wakati yeye alikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Mume wangu alibaki na bibi yao. Hawakuonana tena.

Habari za huyo dada zililetwa na jirani yetu, dereva wa malori makubwa ya Mombasa. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kupasua hewa, kwani maisha yake yote aliongea akishindana na injini. Siku moja, kabla vita havijaanza, alisimama mlangoni mwa karakana akasema, "Fundi, acha kazi. Nimemwona dada yako Kampala."

Mume wangu aliweka randa chini taratibu.

"Ana watoto watatu," dereva akaendelea. "Wamekua. Wanaongea Kiingereza kama wanakunywa maji."

"Na Kinyarwanda?"

"Sikusikia."

Neno hilo, sikusikia, mume wangu alilibeba siku nzima. Jioni aliniuliza, "Hawa watoto wakija hapa, mimi ni mjomba wao. Nitawaambia nini? Nitakaa nawatolea macho tu?" Kesho yake alimwendea dereva akamwomba amfundishe Kiingereza.

Dereva alikuwa anajua Kiingereza cha barabarani: cha mizani, cha mipaka, cha maofisa wa bandari. Hakuwahi kukaa darasani kukisoma. Alifundisha Jumapili mchana, akiwa hayuko safarini, wakikaa juu ya magogo mbele ya karakana na mimi karibu yao nikichambua maharage. Mwanzoni mume wangu aliandika vitenzi kwenye karatasi, kimoja kimoja, akavikariri kama mtoto wa katekisimu. Dereva aliiangalia ile karatasi akacheka hadi akakohoa.

"Fundi, hivi umetengeneza milango bila bawaba. Kiingereza hukishiki hivyo. Vitenzi vyao havikai peke yao. Chukua huyu, break. Akiwa mwenyewe ni kuvunja: sahani, kuni, mguu. Mpe down, gari limekufa njiani na wewe unalala chini yake na mbu. Mpe seal, yaani lakiri ya kontena, umefungua mzigo wa watu, na Mombasa hawakuulizi mara mbili."

"Na ni kitenzi kilekile?"

"Kilekile. Kinabadilika kumfuata aliyekaa naye."

"Kama wewe ukiwa na mkeo, na ukiwa na wenzako wa bia."

"Umeelewa!" dereva akapiga goti. "Shemeji, mumeo ameelewa, niletee maji."

Haikuwa rahisi hivyo siku zote. Kuna Jumapili waligombana kabisa kwa sababu ya give way. Mume wangu alisema, "Give ni kutoa. Way ni njia. Unaitoa njia unaipeleka wapi?"

"Unampisha mwenzako apite."

"Basi waseme pisha."

"Kawaambie wewe, fundi. Mimi nabeba simenti tu."

Lilimkera pia look after. Look alishajua ni kutazama, na after alishaambiwa ni nyuma au baadaye. Kumbe pamoja maana yake ni kutunza. "Kutazama nyuma ya mtu?" aliuliza. Dereva alifikiri, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, kisha akasema, "Umekaa nyuma yake, unamwangalia asianguke." Hilo nililipenda. Nililishika siku ileile bila kuandika, na bado ninalo.

Nakumbuka pia mume wangu aliuliza kama hakuna hata kitenzi kimoja kinachoweza kukaa chenyewe. Dereva akasema vipo. Come. Sleep. Die. "Hivyo usivihangaikie," alisema. "Havihitaji mtu."

Mwezi wa kumi mwaka 1990 vita vilianza huko kaskazini, mpakani na Uganda. Mjini watu walianza kuchukuliwa. Huyu kwa sababu ya redio aliyosikiliza, huyu kwa sababu ya ndugu aliye ng'ambo. Mume wangu alikuwa na ndugu ng'ambo, na kadi yake ya utambulisho ilikuwa na lile neno moja la kabila ambalo kwenye bariyeri, vile vizuizi vya barabarani, lilitosha kumsimamisha mtu pembeni. Yangu ilikuwa ya nchi nyingine. Mtu kama yeye kukutwa na karatasi ya Kiingereza, lugha waliyosema ni ya wale wapiganaji waliotoka Uganda, lilikuwa jambo la hatari. Aliitia ile karatasi kwenye jiko la gundi. Niliitazama ikiungua nikadhani masomo yameisha.

Wiki chache baadaye nilimkuta karakanani ameshika patasi na kipande cha mbao nyekundu kutoka Zaire, nzito kama jiwe. Alikuwa anachonga ulimi, ile ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la mbao nyingine. Ubavuni mwa ulimi ule alikuwa amechoma neno. Alinionyesha, kisha akaingiza ulimi kwenye tundu la mguu, akagonga mara moja kwa nyundo ya mti. Neno likapotea ndani.

"Nani atalitafuta humo?" akasema.

Hivyo ndivyo meza ilivyoanza. Miguu ilikuwa minne, kwa hiyo akachukua vitenzi vinne, akavichoma juu kabisa ya miguu, pale ambapo ubao wa juu ungekuja kuvifunika: look, break, give, take. Mbao za kuunganisha miguu, za juu na za chini, zilibeba wenzao katika ndimi zao. Kila mbao ilikuwa na ncha mbili, kwa hiyo iliunganisha vitenzi viwili. Upande huu ina neno la look, upande ule ina neno la break. Dereva alipoelezwa alizunguka ile miguu kama anakagua matairi.

"Na ukikosea ukaingiza down kwenye give?"

"Jaribu."

Dereva akajaribu. Ulimi haukuingia. Mume wangu alikuwa amechonga matundu ya kila mguu kwa umbo lake, jembamba hapa, pana pale, lenye bega upande mmoja. Neno lisilo la kitenzi kile lilikataliwa na mti wenyewe.

"Mimi nilichapwa viboko na kaka yangu kujifunza haya," dereva akasema. "Wewe umeipa mbao kazi ya kuchapa."

Kazi ilikwenda polepole. Siku hizo barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa na malori yalipita Tanzania, kupitia Rusumo, kwa hiyo dereva aliweza kupotea mwezi mzima. Akirudi alikuwa na neno moja au mawili. Mume wangu alikataa maneno ambayo hakuelewa matumizi yake. Alikubali take care, akakubali take a seat, kwa sababu alisema hilo ndilo la kwanza atakalowaambia watoto wakifika: keti. Alikubali give a lift, yaani kumpa mtu nafasi garini, ingawa hatukuwa hata na baiskeli. Mimi nilipiga msasa. Kila ulimi ulipita mkononi mwangu kabla haujaingia tundu lake, na ndivyo nilivyojifunza, kwa vidole zaidi ya macho. Wakati mwingine jioni, tukila, alinitupia kitenzi nami nikamjibu mwenzake.

"Look."

"After."

"Mwingine."

"For."

"Huyo ni nini?"

"Kutafuta."

"Mrundi huyu atanishinda," alisema akiinua kijiko, kana kwamba kuna watu wengine mezani wa kunisikia nikisifiwa.

Mwaka 1993, watu waliposema amani imetiwa sahihi na wakimbizi watarudi, aliifunga meza. Aligonga vijiti vya mti kwenye kila kiungo, akaweka ubao wa juu. Gundi hakuipaka. Nilimuuliza kwa nini, maana hakuwahi kumpa mteja kitu bila gundi.

"Watoto wa dada yangu wataifungua wenyewe," alisema. "Watasoma, watanicheka, nami nitacheka. Tukishamaliza nitaifunga kwa gundi, basi."

Tuliitumia karibu miezi minane.

Mwezi wa nne wauaji walikuja karakanani asubuhi, nami nilikuwa nimekwenda upande wa Kibagabaga kutafuta unga kwa mtu tuliyemfahamu. Sikuweza kurudi. Wapo watu wanaoweza kuandika siku zile na ni vizuri waandike. Mimi naweza kusema tu kwamba walimchukua na hakurudi, kwamba sijui alipolala, na kwamba kadi yangu ya nchi nyingine, pamoja na kimya changu, vilinivusha hadi mwezi wa saba.

Niliporudi Gisozi nyumba haikuwa na milango wala mabati. Karakana ilikuwa imebaki ukuta tu. Zana zote zilikuwa zimekwenda: randa, misumeno, patasi, hata lile jiko la gundi. Picha hatukuwa nazo nyingi, na hizo chache hazikuwepo. Nguo zake hazikuwepo. Meza niliikuta chini ya njia, kwenye migomba, imelala na miguu juu. Nadhani walioibeba walichoka, maana mbao ile ni nzito sana na njia ya pale inateleza. Hawakujua kuwa inafunguka. Wangejua, wangeweza kuigawana. Niliivuta peke yangu hadi nyumbani, hatua mbili, napumzika, hatua mbili, na siku nzima ikaishia hapo.

Katika ukoo wa mume wangu kuna desturi waliyonieleza nilipoolewa, alipofariki bibi yao. Mtu akifa, zana alizofanyia kazi haziguswi. Jembe linabaki pale alipoliegemeza. Siku ya kuanua matanga, mkubwa wa damu yake anakuja, anashika ile zana, anaitumia kidogo tu mbele ya watu, na hapo waliobaki wanaruhusiwa kurudi kazini. Bibi alikuwa na jembe, na mume wangu alilishika. Lakini mume wangu hakuacha zana hata moja, na wa damu yake sikumjua alipo. Kwa hiyo matanga yangu hayakuwa na wa kuyaanua. Nilikaa tu. Majirani waliorudi walikuwa na yao. Kwa mtu asiye na kaburi hata kilio hujui ukielekeze wapi, nami nilikielekeza mezani. Nililaza kichwa juu yake. Usiku nililala chini yake, kwa kuwa nyumba haikuwa na paa.

Mwezi wa tisa, mchana, nikiwa napepeta mchele uani, msichana wa miaka ishirini na kitu alisimama kwenye tundu la mlango. Alikuwa na viatu vya mjini vilivyojaa vumbi. Nilimkaribisha kwa Kiswahili, kama ninavyomkaribisha kila mtu. Akadhani mimi ni mgeni wa nchi, akaniambia polepole kwa Kiingereza kwamba anamtafuta mjomba wake.

Kabla sijaelewa sentensi yote nilisikia kiungo chake. Look. For. Nilijua ulimi ule ulivyo, nilijua bega lake liko upande gani. Ungo ulinitoka mikononi na mchele ukamwagika.

Nikamwambia kwa Kinyarwanda, na Kirundi changu ndani yake, "Ingia, mwanangu, uketi."

Naye akanijibu kwa Kinyarwanda. Kizuri, cha zamani kidogo, chenye maneno ambayo vijana wa Kigali walikuwa wameshayaacha. Nikamuuliza amejifunzia wapi.

"Nyumbani," alisema. "Mama alikuwa anatuchapa tukiongea Kiingereza wakati wa chakula."

Sijawahi kumwambia mtu nilivyojisikia dakika ile. Mume wangu alihangaika miaka mitatu, akichonga lugha ambayo watoto wale hawakuihitaji kwake. Angeweza kuwaambia ketini kwa maneno ya bibi yake mwenyewe na wakaketi. Dereva hakudanganya. Alisema hakusikia, na kweli hakusikia, maana alikaa kwao muda wa kunywa soda moja na watoto walikuwa na wenzao.

Msichana alijua nyumba kutoka kwa dereva huyohuyo, ambaye vita vilimkuta Tanzania na ambaye baadaye alipitia Kampala akamweleza dada njia ya kufika Gisozi. Habari za kifo dereva hakuwa nazo. Kwa hiyo wa kuzisema nilikuwa mimi. Nilimwambia kwa Kinyarwanda, neno moja. Msichana hakulia mbele yangu. Aliinama akaanza kuokota mchele, punje kwa punje, nami nikainama nikaokota naye. Tuliokota mpaka ukaisha, tukaosha, tukapika.

Alikaa nami siku kadhaa. Mama yake alikuwa na mguu mbovu na barabara ilikuwa bado mbaya, akamtuma yeye atangulie. Siku alipotaka kuondoka alisema akitazama chini, "Mama aliniambia nisirudi mikono mitupu. Nikimkuta mjomba, nirudi naye. Nisipomkuta, nimletee kitu alichoshika."

Alijua hakuna kingine. Alikuwa ameshazunguka ile karakana yote, akifukua vumbi kwa kijiti.

"Mama," aliniita, "hii meza ulisema inafunguka."

"Inafunguka."

"Na mjomba alisema tuifungue sisi."

"Alisema atakuwepo kuifunga."

Nilitoka nikaenda kusimama uani. Vijiti vile alivigonga mume wangu mwenyewe. Kila kiungo kilikuwa mahali alipokiacha, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba maadamu hakijaguswa, kuna kitu chake ambacho hakijaisha. Nikiifungua, nani ataifunga tena kama yeye? Sina mkono wa useremala. Najua kupiga msasa tu. Lakini nilimfikiria pia yule mwanamke wa Kampala, mwenye mguu mbovu, ambaye alimwacha mdogo wake akichunga ndama na hakuwa na chochote cha kulazia kichwa. Mimi nilikuwa na meza na miaka tisa ya ndoa. Yeye hakuwa na kitu.

Nilichukua mchi wangu wa kutwangia isombe, yale majani ya muhogo, nikaufunga kitambaa, nikaingia. Nilimwambia msichana ashike ubao.

Vijiti vilitoka kwa shida. Ubao wa juu tuliuegemeza ukutani, na vitenzi vikaonekana juu ya miguu, vyeusi, vimepinda kidogo kama mwandiko wa mtu aliyeandika amepiga magoti. Huwezi kuchomoa mbao moja ya meza bila kulegeza zile zinazolala nayo upande mmoja, kwa hiyo tulilegeza upande mzima. Ndimi zilitoka moja moja. Msichana alizisoma kwa sauti. Alisoma down, akasoma seal, akasoma way, akasoma a lift, akanitazama.

"Mama, mjomba alifundishwa na nani?"

"Na dereva."

Hapo alicheka. Alicheka kweli, mkono mdomoni, machozi yakimtoka kwa kicheko na kwa yale mengine. "Angetupokea kama malori," alisema. "Angetuambia toeni njia, msivunje lakiri, ketini." Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Kicheko kile nilikiogopa kilipotoka, kisha nikakiacha.

Aliuliza kama humo ndani hakuna kitu kingine, labda neno la kumwachia mama yake. Tulitazama ndani ya kila tundu. Hakukuwa na ujumbe. Yalikuwa maneno ya kujifunzia tu, ya mtu ambaye alitegemea kuwepo.

Nilitaka kumpa mbao yenye after, kwa sababu ya maana yake. Lakini ile ilikuwa ya juu, inayoshika ubao, na meza isingesimama bila yake. Nilimpa ya chini, ambayo meza inaweza kuvumilia kuikosa. Ncha moja ilikuwa na out, mwenzake look, ambayo kwa madereva ni kujihadhari. Ncha ya pili ilikuwa na seal. Msichana aliipokea akasema, "Haya si maneno ya upendo." Nikamwambia sikuchagua kwa maneno. Aliizungushia ile mbao khanga yangu, akaondoka nayo kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Nilirudisha vijiti peke yangu kwa mchi. Meza ilisimama, lakini ukiiegemea upande ule ilitikisika.

Mwezi wa kumi na mbili walikuja wote wawili. Wifi yangu alishuka njia ya Gisozi akishikiliwa na binti yake, mbao ikiwa kwapani mwake ndani ya khanga ileile, imefuliwa. Alikuwa mrefu kama mdogo wake, na alikuwa na namna ileile ya mume wangu ya kufumba jicho moja akitazama kitu kwa makini. Nilikuwa sijajiandaa kwa hilo jicho. Tulishikana pale njiani hadi wapita njia wakatuzunguka.

Ndani, aliketi mbele ya meza na kuiweka mbao mapajani.

"Wifi," alisema, "watu wananiambia nimelia kwa kuutambua mkono wake. Siutambui. Nilimwacha mdogo, hata kisu hakuruhusiwa kushika. Mkono wake nimejifunzia hapa." Akapitisha kidole gumba juu ya ulimi wa mbao, polepole kabisa. "Hapa alichoka. Hapa alirudia. Naujua sasa."

Nilimweleza habari ya zana, kwamba zote ziliibwa na kwamba hakuna kilichobaki cha yeye kukishika. Alisikiliza jicho moja likiwa limefumbwa. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe huo mchi."

Tulilegeza tena upande ule, mimi na binti tukishika miguu. Alikuwa mzito wa kuinama, kwa hiyo binti alimwekea gunia chini akapiga magoti kwa mguu ule mzima. Akaingiza ulimi wa kwanza. Haukukaza. Mbao ilikuwa imekauka huko Kampala karibu na moto, na meza ilikuwa imenywa mvua zote za Gisozi, kwa hiyo hazikuwa na kipimo kimoja tena. Ulimi ulicheza ndani ya tundu kama jino bovu.

"Tumwite seremala," binti alisema.

"Hapana," mama yake akasema. Alichana ukingo wa kitambaa chake cha buluu cha kichwani, akauzungusha kwenye ulimi mara moja, akafanya hivyo na upande wa pili. Mume wangu alikuwa akiwafukuza vijana wa kazi waliofanya hivyo. Alisema kiungo kinachohitaji kitambaa hakijachongwa, kimefungwa bandeji. Sikulisema hilo pale. Nililisema baada ya wifi kugonga mara ya pili na mbao ikaingia, nasi wote watatu tukacheka kwa sauti ya chini.

Alipomaliza alinirudishia mchi kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka, akaniambia kwa maneno yao ya zamani kwamba sasa nirudi kazini. Nikaenda jikoni. Kulikuwa na isombe ya kutwanga.

Gundi hatukupaka. Ukitazama chini ya meza upande ule utaona uzi wa buluu umetokeza kwenye kiungo, na ukiegemea kwa kiwiko inalia kidogo. Naisikia kila ninapofika mwisho wa mstari.